Droni na Mvua ya Kupandwa Mawinguni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakulima na Wafugaji wa Uganda

Kazi yangu ni kurusha droni za kupima mashamba na malisho wilayani Nakasongola, katikati ya ule ukanda wa ng'ombe unaotoka Isingiro mpaka Karamoja. Kila kiangazi kinapokaza, nikishatua droni tu, watu hunizunguka na swali lile lile: kidude hiki kama kinapanda juu hivyo, mbona hakituletei mvua? Zamani lilikuwa swali la kupitisha muda. Siku hizi limekuwa zito, kwa sababu wapo wanaopita vijijini wakiuza jibu lake. Nimeyakusanya hapa maswali ninayoulizwa joshoni, mnadani na kwenye simu.

Kupanda mvua mawinguni ni kitu gani hasa?

Wingu ni maji tayari, ila yamegawanyika vipande vidogo mno. Tone la wingu lina upana wa karibu sehemu mbili za mia za milimita moja. Tone la mvua lina upana wa milimita 2 hivi. Piga hesabu: tone moja la mvua linahitaji matone ya wingu kama milioni moja yaungane. Mawingu mengi hayafiki hapo. Yanatutia kivuli, yanatupa matumaini, kisha yanayeyuka juu ya vichwa vyetu.

Kupanda ni kulipatia wingu kitu cha kushikia. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni ya mawingu yenye baridi kali. Juu huko maji yanaweza kupoa chini ya nyuzi sifuri na bado yakabaki maji, kwa kukosa chembe ya kuanzia kuganda. Ukiyapa chembe za iodaidi ya fedha, ambazo umbo lake linafanana na la barafu, yanaanza kuganda kuanzia karibu nyuzi 5 chini ya sifuri. Vipande vya barafu vinanenepa upesi, vinaanguka, na vikikuta joto njiani vinafika chini vikiwa mvua. Nchi za baridi vinafika vikiwa theluji.

Njia ya pili ni ya mawingu ya joto, na huko hutumika chumvi. Kila mama anajua chumvi iliyoachwa wazi wakati wa mvua inavyolowa yenyewe. Chembe ya chumvi ndani ya wingu hufanya vivyo hivyo: inavuta maji, inakuwa tone kubwa kuliko wenzake, na tone kubwa likishuka linayakumba madogo njiani na kuyabeba.

Ni jambo jipya?

Droni ndiyo mpya. Mnamo Julai 1946, Vincent Schaefer, aliyekuwa mtafiti wa General Electric huko Marekani, alitia kipande cha barafu kavu, yaani hewa ya ukaa iliyogandishwa, ndani ya friza aliyokuwa akiitumia kutengenezea wingu dogo la majaribio, na papo hapo ikajaa vijibarafu vinavyometameta. Tarehe 13 Novemba mwaka huo alipanda ndege akamwaga barafu kavu juu ya wingu karibu na mlima Greylock, Massachusetts, na theluji ikaanza kushuka kutoka kwenye wingu lile. Mwenzake Bernard Vonnegut ndiye aliyegundua kuwa iodaidi ya fedha inafanya kazi hiyo hiyo.

Hapa jirani, mashamba ya chai ya Kericho nchini Kenya yalitumia iodaidi ya fedha miaka ya 1960 na 1970 kupunguza mvua ya mawe. Burkina Faso ilianza mpango wake wa mvua mwaka 1998, Morocco miaka ya 1980. Thailand imekuwa ikiifanya tangu 1969.

Basi droni inaongeza nini ambacho ndege ya kawaida haina?

Kwanza, inaokoa rubani. Mahali panapofaa kupanda iodaidi ya fedha ndipo hapo hapo barafu inapojibandika kwenye mabawa ya ndege, na marubani wanaogopa kuingia humo, nao wana haki. Pili, inaweza kukaa pale pale ndani ya wingu unapotaka badala ya kupita mara moja kwa kasi. Tatu, gharama ya kila safari ni ndogo zaidi.

China imetengeneza droni kubwa ya kazi hii, iitwayo Ganlin-1, yaani mvua tamu, na iliruka kwa mara ya kwanza mkoani Gansu Januari 2021. Mwaka huo huo Falme za Kiarabu pamoja na Chuo Kikuu cha Reading cha Uingereza walijaribu kitu tofauti kabisa: droni isiyobeba kemikali yoyote, bali inayotia chaji ya umeme ndani ya wingu ili matone yavutane. Marekani, katika milima ya Utah na Idaho, kuna kampuni inayorusha droni ndogo zilizoundwa kuhimili barafu, kuongeza theluji ya majira ya baridi.

Upungufu wake nao usifichwe. Betri hunyongea kwenye baridi. Barafu ikishika mapanga, droni inashuka kama jiwe. Na mzigo wake ni mdogo, jambo ambalo kwa njia ya chumvi ni tatizo kubwa, kwa kuwa chumvi huhitajika kwa wingi kuliko iodaidi ya fedha.

Droni yako wewe inaweza?

Haiwezi. Watu wanasikitika nikisema hivi, lakini haiwezi. Droni za kupima mashamba kwa kawaida hazivuki mita 120 kutoka ardhini. Kwetu karibu na Ikweta, mstari wa nyuzi sifuri uko mita 4,500 hadi 5,000 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Moroto uko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo ukiwa Moroto unatakiwa kupanda zaidi ya mita 3,000 ndipo uanze kugusa maji ya baridi, na uendelee tena kupanda kufikia nyuzi 5 chini ya sifuri. Hiyo ni kazi ya chombo cha aina nyingine.

Je, inatengeneza mvua pasipo na mawingu?

Hapana. Ningeweza kuandika neno hilo mara kumi kwenye ukurasa huu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Februari, walikuja watu wawili kwenye kikao cha ushirika wetu chini ya mwembe. Walikuwa na picha nzuri za droni na karatasi za rangi. Walitaka kila mwanachama achangie kwa ekari, nusu kabla na nusu baada ya mvua. Nilitazama juu: mbingu ilikuwa nyeupe kwa vumbi, hakuna hata wingu la ukubwa wa kitambaa. Mzee mmoja akauliza mvua itatoka wapi, wakamjibu kwamba teknolojia ya sasa inavuta unyevu kutoka ziwa Kyoga. Baadhi ya wenzangu walitoa pesa. Masika yalipoingia kama kawaida yake mwezi wa tatu, watu wale walirudi kudai ile nusu iliyobaki.

Ufahamu ujanja wake. Anayeuza mvua mwishoni mwa kiangazi anauza kitu kitakachokuja chenyewe. Akichelewa anasema subirini, ikinyesha anasema ni yangu. Mwenye kujua kazi hii hatakuuliza una ekari ngapi. Atakuuliza mawingu yenu yanaanza kujengeka saa ngapi, yanatokea upande gani, na nani amekuwa akipima mvua hapa miaka iliyopita.

Pale penye mawingu mazuri, inaongeza mvua kiasi gani?

Jibu la kweli lina ngazi, usikubali namba moja tupu.

Kwa theluji ya milimani ushahidi umekuwa mzuri. Mwaka 2017 huko Idaho, watafiti wa mradi wa SNOWIE walirusha ndege kwa kwenda na kurudi ndani ya mawingu huku rada zikitazama, na wakaona mistari ya theluji ikitokea mle mle ndege ilimopita, kwa umbo lile lile la zigizaga. Hakuna wingu la asili linalochora zigizaga. Huko Wyoming, jaribio lililochukua karibu miaka kumi lilionyesha nyongeza ya takriban asilimia 5 hadi 15 kwa mawingu yanayofaa, na mawingu yanayofaa yenyewe ni sehemu tu ya yote.

Kwa mvua, mambo ni magumu zaidi. Tazama Israel. Majaribio yao ya miaka ya 1960 yalionyesha ongezeko la asilimia 15 hivi, wakaanza kupanda mawingu kitaifa mwaka 1975. Baadaye wakajiuliza upya, wakafanya jaribio kali kati ya 2013 na 2020, na nyongeza iliyoonekana ilikuwa chini ya asilimia 2, ndogo kiasi cha kutoweza kutenganishwa na bahati. Wakasimamisha. Mimi nawaheshimu sana kwa hilo. Ni vigumu kwa serikali kupima upya kitu ilichokiamini kwa miongo, na kukubali kipimo.

Sasa hesabu ya shambani. Milimita 1 ya mvua juu ya ekari moja ni lita 4,000 hivi, yaani jerikeni 200. Mvua ya milimita 20 ikiongezewa asilimia 10 inakupa milimita 2 zaidi: jerikeni 400 kwa kila ekari. Si haba hata kidogo. Lakini asilimia 10 ya sifuri ni sifuri, na kiangazi chetu ni sifuri.

Uganda ina mawingu ya aina gani, na njia ipi ingetufaa?

Mawingu yetu mengi ni yale yanayochemka mchana: jua linapiga ardhi, hewa inapanda, kufikia saa tisa au kumi alasiri wingu limesimama kama mnara. Ukanda wa ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi kuliko yote duniani, Kampala ikihesabiwa zaidi ya siku 200 za radi kwa mwaka. Huko hakuna haja ya kumpandia mtu wingu.

Penye haja ni Karamoja na ukanda wa ng'ombe. Karamoja hupata milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, katika msimu mmoja wa Aprili mpaka Septemba, tena kwa vipande: manyatta hii inalowa, ile ya pili inaangalia tu. Mwaka 2022 njaa iliua watu kule. Mawingu yapo ndani ya msimu, ila mengine yanapita bila kudondosha kitu. Kama kuna mahali pa kujaribu Uganda, ni pale, ndani ya msimu wa mvua na si nje yake.

Na njia ningetazama ni ya chumvi. Sababu yake ina hadithi ninayoipenda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Afrika Kusini, mtafiti Graeme Mather aliona dhoruba iliyosimama juu ya kiwanda cha karatasi ikitoa matone makubwa kuliko dhoruba za jirani. Moshi wa kiwanda ulikuwa na chembe za chumvi. Akatengeneza fataki zinazotoa moshi wa chumvi za namna hiyo, akazifunga kwenye ndege na kuzichoma chini ya mawingu, huku bahati nasibu ikiamua wingu lipi lipandwe na lipi liachwe. Yaliyopandwa yalitoa mvua zaidi. Jaribio kama hilo lilifanywa tena Mexico katika miaka ya 1990, na matokeo yakaelekea upande huo huo. Pia fataki huchomwa chini ya kitako cha wingu, kwenye hewa inayopanda, kwa hiyo huhitaji kufika kwenye barafu. Kwa droni hilo ni jambo kubwa.

Theluji ya Rwenzori inaisha. Droni haziwezi kuirudisha?

Swali hili niliulizwa na kijana wa Kasese anayebebea mizigo wapanda mlima, na lilinikaa moyoni. Jina lenyewe la Rwenzururu, kwa Wakonzo, linabeba theluji ndani yake. Barafu ya milima ile ilifunika kilomita za mraba 6.5 hivi mwaka 1906, na kufikia 2003 ilibaki chini ya 1. Tangu hapo imezidi kupungua.

Droni haitaiokoa. Idaho wanaongeza theluji kwa kuwa wana majira ya baridi: inayoanguka Desemba inakaa mpaka Aprili, inajilundika, kisha inayeyuka taratibu kujaza mito. Sisi tuko kwenye Ikweta. Kila siku kule juu ina kiangazi chake mchana na baridi yake usiku, na theluji ya jioni inaweza isione jioni ya pili. Joto likishapanda, hata iliyoanguka juu ya kilele cha Margherita, mita 5,109, haina pa kujificha. Zaidi ya hayo, Rwenzori hailii ukame. Ni mahali penye ukungu na mvua karibu mwaka mzima. Kinachokosekana ni baridi, na baridi haipandwi.

Itakuwaje ikisababisha mafuriko? Tumeona Mbale na Kasese.

Hofu hii ina haki. Mbale ya Julai 2022, mto Nyamwamba wa 2013 na 2020, maporomoko ya Bududa. Hakuna anayetaka kuongeza hata kikombe kwenye mvua za namna hiyo.

Lakini tutenganishe mambo. Dubai ilipofurika tarehe 16 Aprili 2024, watu walisema ni kupanda mawingu. Haikuwa hivyo: ulikuwa mfumo mkubwa wa dhoruba uliotabiriwa siku kadhaa kabla, na kituo kimoja karibu na Al Ain kilipima zaidi ya milimita 250 kwa muda usiofika siku moja. Hakuna chumvi duniani inayofanya hivyo. Texas, Julai 2025, yalisemwa yale yale, kwa sababu mawingu yalipandwa siku mbili kabla ya mafuriko. Wanasayansi walieleza kwamba mawingu madogo yaliyopandwa yalikuwa yameshatoweka muda mrefu kabla ya dhoruba ile.

Hata hivyo, mfano wa Rapid City, South Dakota, haunitoki. Tarehe 9 Juni 1972 watafiti walipanda mawingu eneo lile, na usiku huo mafuriko yaliua watu 238. Hakukuwa na ushahidi kwamba upandaji ndio uliosababisha, lakini kesi zilifika mahakamani, na machungu yakabaki miaka. Funzo la pale ni sheria ya kusimama: siku yenye onyo la mvua kubwa hakuna kuruka, na kila safari iandikwe saa, mahali na kiasi, ili watu wakiuliza wapewe daftari badala ya maneno. Kwenye miteremko ya Elgon mimi nisingeruhusu kabisa.

Kemikali yake itadhuru ng'ombe, nyuki au maji ya kunywa?

Iodaidi ya fedha inatumika kwa gramu, si kwa magunia, na karibu haiyeyuki majini. Maji ya maeneo yaliyopandwa miaka mingi yamepimwa Marekani, na fedha iliyomo imekuwa chini sana ya kiwango chao cha maji ya kunywa, ambacho ni sehemu moja ya kumi ya miligramu kwa lita. Chumvi ya fataki nayo ni jamii ya hii ya jikoni. Simwoni ng'ombe akidhurika. Ila ningetaka maji ya bwawa yapimwe kabla ya jaribio na baada yake, hapa kwetu, kwa macho yetu.

Tukipanda sisi, tutawaibia Waturkana au ndugu wa Sudan Kusini mvua yao?

Mwaka 2018 jenerali mmoja wa Iran aliishutumu Israel kwa kuiba mawingu, na mkuu wa hali ya hewa wa Iran mwenyewe akasema jambo hilo haliwezekani. Wingu hutoa sehemu tu ya unyevu unaopita angani, na nyongeza ya kupanda ni sehemu ya sehemu hiyo. Kisayansi, wizi ni mgumu. Lakini watu ambao tayari wanagombania malisho na visima hawatasubiri sayansi. Majirani waambiwe kabla droni haijaonekana juu ya mpaka.

Nani anatoa ruhusa?

Kurusha droni yoyote ya kazi Uganda ni lazima upitie Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA, pamoja na vyombo vya usalama. Usiingize droni kutoka nje kwanza ndipo utafute karatasi: itabaki Entebbe. Mambo ya hali ya hewa yako chini ya UNMA, na mazingira chini ya NEMA. Anayekuja kuuza mvua bila kuweza kukuonyesha barua kutoka kote huko, mrudishie karatasi zake za rangi.

Je, si kuingilia kazi ya Mungu? Na wazee wetu wa mvua je?

Shehe mmoja wa Bombo aliniambia: sala ya kuomba mvua haimzuii mtu kuchimba kisima. Nimeridhika na jibu hilo. Wazee wa mvua wa Acholi na kwingineko, nao, walikuwa wasomaji wa anga kabla ya kuwa kitu kingine. Walijua upepo upi unatangulia mvua na wadudu gani huamka. Jaribio lolote litakalokuja Karamoja bila kuwakalisha wazee kwenye akriket, baraza lao, na kuwauliza litapoteza maarifa ambayo hakuna rada inayo.

Pesa zikipatikana, ungeanza na droni?

Ningeanza na malambo na vipima mvua. Milimita 500 zinazoanguka Karamoja, juu ya ekari moja, ni jerikeni 100,000. Nyingi zinateremka na udongo na kupotea mchangani. Lambo moja lililochimbwa vizuri na kuzungushiwa uzio linashika maji ambayo droni ingehitaji misimu mingi kuyaongeza. Droni ije baadaye, kama jaribio, ikiwa na rada na kurusha shilingi kuamua wingu lipi lipandwe. Nataka sana kuliona jaribio hilo nikiwa hai. Lakini bila rekodi za mvua za miaka ya nyuma, hatutajua kama lilifaulu, na tutabaki na wale wa chini ya mwembe.

Kipima mvua nitakitengenezaje nyumbani?

Chukua chupa ya soda ya lita mbili. Kata juu, pale inapoanza kubana, kisha geuza kile kipande cha juu ukipachike kama faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo tia kokoto na maji mpaka yafike sehemu iliyonyooka, na hapo uchore mstari wa sifuri. Kuanzia mstari huo bandika rula ya milimita. Kiweke wazi, mbali na nyumba au mti kwa umbali wa mara mbili ya urefu wa nyumba au mti huo, mdomo ukiwa angalau sentimita 30 kutoka ardhini ili maji ya kuruka yasiingie. Kifunge vizuri kwenye nguzo, mbuzi wanakipenda.

Soma kila siku saa 3 asubuhi, andika tarehe na milimita, kisha punguza maji yarudi kwenye sifuri. Siku isiyo na mvua andika 0, usiache wazi. Kwenye ushirika wetu tuna madaftari kumi na moja sasa, mengi yanaandikwa na watoto wa shule, na mwaka jana ndipo tulipoona kwamba nyumba mbili zilizoachana kilomita nne zilipishana milimita 38 kwa mvua moja.